Tani 150 Kabla ya Alfajiri

Rola moja ya karatasi ya gazeti, zile kubwa zinazotumika kwenye mitambo ya Ulaya, ina kipenyo cha mita 1.25 hivi na uzito unaozidi tani moja. Ukianza kuikunjua Kivukoni, Dar es Salaam, karatasi itapita Kimara na bado haijaisha, maana urefu wake ni karibu kilomita 18. Mtambo ukiwa kwenye kasi yake unaimeza yote kwa dakika 20 hadi 25. Kisha unataka nyingine, na hautaki kusimama kuisubiri.

Wageni wanaotembelea kiwanda cha magazeti hupelekwa kuona mtambo: kelele, harufu ya wino, kurasa zinazopita kwa kasi mpaka macho yanashindwa kuzifuata. Sijawahi kuona mgeni aliyeomba kuonyeshwa stoo ya karatasi. Mimi maisha yangu ya kazi yamepita huko stoo, kwanza Dar es Salaam, baadaye Uingereza, na kama ninalo la kumweleza mtu kuhusu mashine na kazi za watu, nimelipata huko nyuma ya ukuta, mahali ambapo gazeti bado ni mzigo.

Niliajiriwa katikati ya miaka ya tisini. Vyama vingi vilikuwa vimerudi mwaka 1992 na magazeti yalikuwa yakizaliwa kila kukicha, mengine yakifa kabla wasomaji hawajazoea majina yake. Kiwanda chetu kilichapa ya kwetu na ya wengine waliolipa, na wengine ambao tuliendelea kuwadai. Stoo ilikuwa banda la mabati lenye sakafu ya saruji iliyokuwa imeanza kubanduka. Tulikuwa na foklifti mbili, moja ya kufanyia kazi na moja ya kung'olea vipuri. Rola zetu zilikuwa ndogo kuliko za Ulaya, nusu tani na ushei, tukizisimamisha wima, moja juu ya nyingine. Zilikuja kwa kontena kutoka bandarini. Nyingine zilitoka Afrika Kusini, nyingine Urusi, nyingine Skandinavia, na kila kiwanda kilikuwa na karatasi yenye tabia zake.

Mwenye stoo alikuwa mzee mmoja mtu wa Rufiji, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Alikuwa na kaunta buku alimoandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, lakini buku lile lilikuwa la wakaguzi. Stoo yenyewe ilikuwa kichwani mwake. Saa sita za usiku mchapaji akija mbio anataka karatasi ya gramu 45 ya upana fulani, mzee hafungui buku. "Nenda nyuma ya nguzo ya tatu," atasema, "iko chini ya ile yenye doa la maji." Unakwenda, unaikuta. Alijua kontena lipi lilinyeshewa, shehena ipi ilikuwa na gundi mbovu kwenye viungo, na rola ipi ilirudishwa nusu kutoka mtamboni wiki iliyopita ikawekwa pembeni kusubiri kazi ndogo.

Ujuzi huo ulikuwa cheo. Meneja wa uzalishaji, aliyesoma ng'ambo, alikuwa akiingia stoo na kuanza na "Shikamoo mzee" hata siku alizokuja kugomba. Mzee alichukua likizo pale tu mtambo ulipokuwa kwenye matengenezo. Siku aliyokwenda kwao kuzika, tulihamisha rola nusu ya usiku tukitafuta moja, na gazeti la mteja likatoka jua likiwa limeshapanda. Hakuna aliyemlaumu. Tulijifunza tu kwamba kiwanda kizima kilikuwa kimewekwa rehani kwa kumbukumbu ya mtu mmoja. Sidhani kama yeye mwenyewe hakulijua hilo.

Alinifundisha kazi kwa mikono. Kwanza, kuipiga rola kofi na kusikiliza, jinsi mnunuzi anavyochagua tikiti sokoni. Iliyovingirishwa vizuri inajibu kwa sauti moja toka ukingo mpaka ukingo. Ikiwa sehemu moja inatoa sauti nzito na nyingine nyepesi, mvutano wake wakati wa kuvingirishwa haukuwa sawa, na usiku utaitafuta wewe mwenyewe kwa tochi ikikatika mtamboni. Pili, ufagio. Nilipoambiwa nifagie stoo mara tatu kwa zamu nilidhani ni adabu ya kumpa mgeni. Kumbe rola inasimama kwa ukingo wake, na ukingo ndio uhai wake. Kokoto moja ndogo ikibaki sakafuni na nusu tani ikaketi juu yake, inaacha kovu linalozama tabaka kwa tabaka. Karatasi ikishavutwa kwa nguvu kwenye mtambo, mpasuko huanzia kwenye kovu lile, na ukianza hausimami mpaka karatasi nzima imekatika na mtambo wote umesimama.

Kovu lilikuwa na tiba yake. Mzee alikuwa na kipande cha msasa ndani ya mfuko wa shati. Akikuta jeraha ukingoni analigusa kwa kidole gumba, anapima kina chake kwa ukucha, kisha anasugua taratibu, kutoka katikati kwenda nje, mpaka ile ncha kali inakuwa pana na laini. Ncha kali inapasua. Shimo la mviringo linaweza kupita mtamboni bila mtu kujua. Jeraha likiwa refu hasugui. Anatoa kisu na kukata tabaka zilizoumia, moja baada ya nyingine, akizihesabu kwa sauti ya chini, maana kila tabaka alilotupa lilikuwa ni mita tatu na zaidi za karatasi iliyolipiwa kwa dola.

Tatu, kubana. Foklifti ya karatasi haina uma, ina mikono miwili mipana inayoikumbatia rola. Dereva mwoga hubana sana, akihofia isimponyoke. Rola iliyobanwa kupita kiasi inapoteza uduara, na ikifungwa mtamboni inavuta na kulegeza kila inapozunguka, mpaka karatasi inachoka na kukatika. Dereva mzuri alibana kiasi cha uzito wa rola aliyoshika, kwa kusikiliza injini. Nne, na hili kwa Dar lilikuwa kubwa: usivue ganda la nje mapema. Karatasi hunywa unyevu uliomo hewani. Masika, rola iliyovuliwa jioni inakuwa na kingo za mawimbi ifikapo asubuhi.

Hayo yote yalitosha kwa sababu hesabu yetu ilikuwa ndogo. Gazeti la kurasa 24 za ukubwa wa kawaida wa magazeti yetu lina uzito usiofika gramu 60. Chapa nakala 20,000 na umetumia karatasi tani moja na kidogo, yaani rola mbili zetu. Mtu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri, dereva mmoja mwenye sikio na ufagio mmoja viliweza kuibeba kazi hiyo kila usiku.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa Uingereza. Gazeti la kurasa 64 za ukubwa huohuo lina gramu 150 hivi. Nakala milioni moja ni tani 150, zaidi ya rola 110 zile kubwa, na zote ziingie mtamboni kati ya saa nne za usiku na alfajiri, zikiwa zimevuliwa ganda, zimekaguliwa, zimepigwa gundi ya kuungia, na zimepangwa kwa upana wake, kwa sababu kurasa zikiongezeka au kupungua si kila rola inatakiwa ya upana kamili; nyingine robo tatu, nyingine nusu. Kesho yake usiku tena. Hapo kofi, msasa na kumbukumbu ya mzee havitoshi, hata ungewakusanya wazee kumi wa aina yake. Watu hupenda kusema mashine zililetwa ili kuwaondoa wafanyakazi, na ndani yake mna ukweli nitakaourudia, lakini nilipoingia kwenye kiwanda kikubwa kwa mara ya kwanza nilichokiona kwanza ni uzito. Tani ndizo zilizoileta mashine.

Nilikwenda Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikaanza kama dereva wa foklifti kwenye kiwanda cha kuchapa magazeti ambacho sitakitaja, kisha nikapelekwa mafunzo ya kuendesha ghala linalojiendesha. Maneno hayo yalinichekesha wakati ule. Ilikuwa enzi ya wenye magazeti kujenga makubwa. Gazeti la The New York Times lilikuwa limekwisha kufungua kiwanda chake cha College Point, Queens, mwaka 1997, magari yasiyo na dereva yakipeleka rola kwenye mitambo. Mwaka 2008 kampuni ya Rupert Murdoch ilifungua kiwanda cha Broxbourne, kaskazini mwa London, chenye mitambo 12 ya MAN Roland, kila mmoja ukiweza kutoa nakala 86,000 kwa saa. Pamoja na viwanda vyake vingine viwili, cha Knowsley na cha karibu na Glasgow, mradi wote uligharimu takriban pauni milioni 650. Cha Broxbourne kilitajwa kuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya aina yake duniani.

Cha kwetu kilikuwa kidogo kuliko hicho lakini mwendo wake ulikuwa huohuo. Lori linafika na rola. Mtu mmoja, na mara nyingi alikuwa mimi, anazipokea na kuzikagua, anasoma msimbopau wa kila moja, na kuanzia hapo mkono wa binadamu haupaswi kuzigusa tena mpaka zinakaribia mtambo. Ghala lilikuwa chumba kirefu kisicho na shelfu wala njia za kupita. Rola zilisimama juu ya rola, nguzo kwa nguzo, zikiwa zimesogeleana mpaka mtu hawezi kupenya katikati. Juu yake ilitembea kreni yenye vikombe vya kunyonya hewa. Inashuka taratibu, inakaa juu ya rola, inanyonya, inapima kama imeshika, kisha inainua tani nzima kwa nguvu ya hewa iliyoondolewa. Hakuna mikono ya kubana, kwa hiyo hakuna rola inayopoteza uduara humo ndani. Siku ya kwanza nilisimama nyuma ya uzio nikiitazama, nikamkumbuka dereva wetu wa Dar na sikio lake.

Kwa kuwa rola zimepangwa kwa nguzo, ya chini haitoki mpaka za juu zihamishwe. Na karatasi inatakiwa itumike kwa zamu, iliyotangulia kuingia itangulie kutoka, isizeeke. Basi mchana, mitambo ikiwa imelala, kreni haikulala. Kompyuta ilikuwa na orodha ya kazi za usiku, kurasa ngapi, rangi zipi, upana upi, na ilitumia saa za mchana kupanga upya nguzo ili zitakazotakiwa ziwe juu. Mara nyingi nilikula chakula changu cha mchana nikiitazama ikihamisha rola hii kuiweka pale, ile kuirudisha hapa, taa zimezimwa kwa kuwa yenyewe haihitaji taa. Mzee wetu alifanya kazi hiyohiyo alasiri, akiwa ameketi juu ya kreti, akituelekeza kwa kidevu.

Kutoka ghalani rola inateremka kwenye mkanda, inalazwa ubavu, inavuliwa ganda, inapimwa, inawekewa utepe wa gundi kwa umbo la herufi V au W, kisha inabebwa na gari lisilo na dereva hadi kwenye mikono ya mtambo. Huko inasubiri. Rola iliyotangulia ikikaribia kwisha, mpya inaanza kuzungushwa hadi uso wake uende kasi ileile ya karatasi inayopita, zaidi ya mita 10 kwa sekunde. Kisha karatasi inasukumwa dhidi ya utepe, inanasa, kisu kinakata mkia wa zamani, na mtambo unaendelea bila hata kupunguza mwendo. Nimeliona tukio hilo kwa miaka na bado huwa nasimama nikiwa napita. Wenzangu Waingereza walikuwa wameyabandikia magari yale majina ya mameneja waliokwishaondoka, na ilikuwa furaha kubwa kusikia redioni kwamba meneja fulani amekwama tena mlango wa tatu.

Magari yalikwama kwa sababu za kudharaulika. Usiku mmoja yote yalisimama kwa pamoja wakati mitambo imeshika kasi. Mafundi walikimbilia kompyuta. Mimi niliinama, mazoea tu, nikakuta kipande cha ganda la khaki kimechanika kwenye rola na kulala njiani, kikipepea kila mlango ulipofunguka. Leza ya gari la mbele ilikuwa inakiona kama mtu, ikakataa kumkanyaga, na mengine yakapanga foleni nyuma yake kwa heshima zote. Nilikiokota. Asubuhi yake kukawa na kikao kirefu kuhusu vihisi na programu, na mwisho wa kikao ukaandikwa utaratibu mpya wa kufagia.

La msingi zaidi nililiona kwenye tukio jingine. Shehena moja ilitoka kiwandani kwao ikiwa na lebo zilizobadilishana: rola za karatasi nyepesi zilikuwa na lebo za karatasi nzito zaidi, na za nzito zikiwa na lebo za nyepesi. Kompyuta yetu ilizipokea kwa furaha, ikazipanga vizuri kila moja mahali pake, na ilipofika usiku ikazipeleka kwenye mitambo bila kukosea hata moja. Karatasi zikaanza kukatika. Mtambo ulikuwa umewekewa mvutano wa karatasi nzito na ulikuwa unavuta nyepesi. Tulizunguka saa nzima tukibadilisha hiki na kile, kwa sababu skrini ilisema kila kitu ni sahihi, mpaka mchapaji mmoja mkongwe alipochana kipande, akakisugua kati ya vidole, akasema hii siyo. Ikabidi ghala lote litiliwe shaka. Kreni iliyokuwa fahari yetu ikawa inatuletea rola moja moja tuzipime kwa mizani, kazi ya siku mbili.

Kompyuta ilijua mahali pa kila rola kwa usahihi ambao mzee hakuwahi kuufikia. Lakini rola yenyewe haikuijua kabisa, ilijua lebo. Mzee alikuwa na vyote viwili kichwani, mahali na kitu, havitenganishiki, kwa kuwa aliipitisha kila rola mikononi mwake. Tulipojenga ghala linalojiendesha tulivitenganisha. Mahali tukaiachia mashine, na ile kazi ya kujua kitu chenyewe ikabanwa yote katika dakika moja ya mapokezi, mlangoni, pale ambapo yule mtu mmoja anasimama na skana huku dereva wa lori akipiga honi. Baada ya mlango ule hakuna atakayeiona tena mpaka imechelewa. Hata kreni yenyewe iliutegemea mlango ule: kifuniko cha juu cha rola kikiwa kimechanika au kimelegea, hewa inapenya, vikombe havishiki, na rola inakataliwa. Wakubwa wetu waliiweka kazi ya mapokezi kwenye ngazi ya chini ya mshahara, kwa hoja kwamba hatari ya kuumia imepungua. Niliwaambia wamekosea, nikaambiwa hoja yangu imepokelewa.

Nilisema nitarudi kwenye watu. Kwenye zamu yetu kulikuwa na mwenzetu aliyekuwa kijana mwaka 1986, wakati magazeti ya Murdoch yalipohamishwa kutoka Fleet Street kwenda Wapping, jijini London, na wafanyakazi zaidi ya elfu tano wakafukuzwa. Ugomvi ulidumu zaidi ya mwaka. Alikuwa mwanachama wa SOGAT, chama cha wafanyakazi ambacho pamoja na wengine wengi kiliwabeba watu wa maghala na usambazaji, na alisimama nje ya lango kwenye baridi akitazama malori yakitoka na magazeti yaliyochapwa bila yeye. Teknolojia iliyoleta vita ile ilikuwa zaidi ya kupanga herufi kwa kompyuta kuliko ya kubeba karatasi, lakini waliopoteza kazi hawakuchaguliwa kwa teknolojia. Mtu huyo hakuichukia kreni. Alikuwa akiilainisha kwa mafuta kwa upole kuliko sisi sote. Alichokuwa akirudia ni kwamba mgongo wake ulikwisha kabla ya miaka 40 kwa kusukuma rola, na kwamba hakuna aliyemuuliza angependa kuupumzisha kwa masharti gani. Nadhani hapo ndipo penyewe. Mashine za kubeba mizigo ziliwaponya watu migongo na kuwanyima sauti kwa wakati mmoja, na wanaozisifu na wanaozilaani wote wana haki ya nusu.

Kisha wasomaji wakaanza kuondoka. Mwaka ule wa 2008 The Sun, gazeti la Murdoch, lilikuwa likiuza zaidi ya nakala milioni tatu kwa siku. Mwanzoni mwa 2020 lilikuwa limeshuka hadi milioni 1.25 hivi, na baada ya hapo likaacha kutangaza. Manroland, waliojenga mitambo ya Broxbourne, waliomba kinga ya mufilisi Novemba 2011. Mwaka 2023 mahasimu wawili wa London, News UK na DMG Media, waliunganisha shughuli zao za kuchapa. Chicago nako, kile kiwanda kikubwa cha Tribune kando ya mto, Freedom Center, kilichofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilichapa gazeti la mwisho mwaka 2024 ili kupisha kasino.

Kwetu hatukuhitaji kusoma takwimu. Tuliziona kwa macho: nguzo za rola zikawa fupi, kisha zikawa chache, kisha upande mzima wa ghala ukawa sakafu tupu. Kreni moja kati ya mbili ilizimwa na kuanza kutoa vipuri kwa mwenzake. Nilicheka peke yangu siku hiyo, nikiikumbuka foklifti yetu ya pili ya Dar. Na hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wa mitambo hiyo, ambao huzungumzia kasi, usalama na nafasi inayookolewa, na katika yote hayo husema kweli. Wasichosema ni kwamba ghala la namna hiyo ni utabiri. Aliyelijenga ameapa kwa chuma na zege kwamba kwa miaka 25 au 30 ijayo watu watanunua magazeti kwa wingi uleule. Foklifti ukiwa huihitaji unaiuza Jumatatu na kusahau Jumanne. Kreni inayoning'inia kwenye paa lililojengwa kwa ajili yake haina mnunuzi. Ukipunguza tani kwa nusu, gharama yake haipungui kwa nusu. Karatasi iliyobaki inaibeba yote.

Miaka michache iliyopita alinipigia simu kijana mmoja tuliyefanya naye kazi Dar, wakati ule akiwa mfagiaji wa zamu ya usiku, sasa ndiye meneja wa uzalishaji. Kampuni moja ilikuwa imemletea kitabu chenye picha za magari yasiyo na dereva na bei iliyopunguzwa. Akaniuliza, "Kaka, wewe umeishi nayo, tuingie?" Nilimuuliza anatumia tani ngapi kwa usiku. Akanijibu. Nikamuuliza ana aina ngapi za karatasi, na umeme ukikatika jenereta lake linashika baada ya muda gani, na rola ngapi katika kila kontena zinafika zikiwa zimeumia. La mwisho hakulijua, na hakuna pale aliyelijua, maana zilizoumia huchanganywa na nzima na lawama kutupiwa wachapaji.

Nilimshauri akirudishe kitabu. Badala yake anunue mikono mipya ya foklifti, ile inayodhibiti yenyewe nguvu ya kubana kulingana na uzito. Azibe sakafu nyufa na kuipaka rangi ngumu ili isitoe vumbi wala kokoto. Anunue kipima unyevu na kukisoma kweli. Na anunue skana mbili za msimbopau na kompyuta ya kawaida, ili mahali pa kila rola pasiwe kichwani mwa mtu mmoja. "Na mapokezi," nikamwambia, "usimweke mtu aliyekosa pa kuwekwa. Mweke mkali wako kuliko wote, umwongezee na mshahara." Alicheka, akidhani ni utani wa watu wa Ulaya.

Alifanya mengi kati ya hayo. Jenereta bado. Kwenye mapokezi alimweka dada mmoja aliyetoka kwenye idara ya hesabu, mwenye macho makali na asiyeogopa madereva wa malori, akampa simu yenye kamera nzuri. Kila kontena linapofunguliwa anapiga picha kabla rola haijaguswa, anaandika namba yake na jeraha lake, ukingo, ubavu au maji. Baada ya miezi kadhaa nilitumiwa orodha. Sehemu kubwa ya rola zilizokuwa zikikatika mtamboni zilikuwa zimefika zikiwa tayari zimeumia, nyingi kwenye ukingo wa chini, yaani kwenye sakafu ya kontena ambayo hakuna aliyeifagia kabla ya kupakia. Wachapaji waliokuwa wakikatwa posho kwa karatasi kukatika wakaomba orodha ile ibandikwe ukutani. Ikabandikwa. Sasa kijana wangu anabishana na wakala wa meli kuhusu fidia, na safari hii yeye ndiye mwenye picha.